Picha ya Ukumbusho na Deni la Shukrani

Kazi ya katekista ni mafundisho ya dini, maandalizi ya Ubatizo na ziara kwa wagonjwa. Kuhukumu picha za wachoraji si desturi yetu. Lakini safari hii twaomba ruhusa kuzungumza nanyi juu ya picha, maana ndani yake tumeona fundisho juu ya fadhila moja tunayoitaja kila siku na kuielewa nusu tu. Ndiyo fadhila ya shukrani.

Wazee wetu wa Lubumbashi wakumbuka vizuri kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za Kenya, za Katuba, za Kamalondo na za kambi za wafanyakazi zilikuwa na picha iliyotundikwa ukutani, katika chumba cha kupokea wageni. Picha hizo hazikutoka Ulaya. Zilichorwa na vijana wa mji wetu, wengi wao bila kusoma shule ya sanaa, nao walizichora juu ya kitambaa, mara nyingi kitambaa cha gunia la unga, wakapita nazo nyumba kwa nyumba kuziuza kwa bei ndogo. Moja ilionyesha kijiji cha zamani na mitende yake. Nyingine ilionyesha Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki. Nyingine tena ilikuwa na jina la Kifaransa, Colonie Belge, yaani koloni la Wabelgiji.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji huu, wakati ule ukiitwa Elisabethville, na watu wa ukoo wake walitoka Kasai. Mwaka 1973 na 1974 alifanya kazi kubwa kupita wenzake. Alichora picha 100 na zaidi, zikifuatana kama kurasa za kitabu, kueleza historia yote ya nchi hii tangu wafalme wa kale mpaka siku zake. Picha hizo zilinunuliwa na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, yule yule ambaye kwanza alikuja Katanga kuchunguza habari za Jamaa ya Padri Placide Tempels. Mwalimu huyo aliketi na mchoraji, akamwuliza maana ya kila picha, naye Tshibumba akamjibu kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Maneno yao yalitiwa katika kitabu mwaka 1996. Picha zenyewe zilihamia Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, zikawekwa katika nyumba ya makumbusho. Naye mchoraji, tangu karibu mwaka 1981, hakusikika tena.

Fabian na mwenzake Ilona Szombati walitaka kujua kwa nini watu wenye mshahara mdogo wanunue picha. Neno walilolisikia mara nyingi ni hili: ukumbusho. Picha ni ukumbusho. Tulitazame vema neno hili, maana Kiswahili chetu kina hekima. Kukumbuka ni kazi ya mtu mwenyewe. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Basi, ukumbusho ni kitu kinachosimama mbele yako na kukuvuta sikio: wewe, usisahau! Mtu hununua ukumbusho kwa sababu ajijua kuwa ni msahaulifu.

Sisi Wakatoliki twalijua neno hili kwa njia nyingine. Kila Misa ni ukumbusho wa mateso na ufufuko wa Bwana. Tena jina Ekaristi lenyewe latoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni shukrani. Hivi juu ya altare maneno mawili yamefungwa pamoja, ukumbusho na shukrani, wala hayawezi kuachana. Asiyekumbuka hana la kushukuru. Anayeshukuru bila kukumbuka ametoa sauti tu, kama ngoma iliyopigwa na upepo. Kwa neno hili moja tutazipima picha za Tshibumba, na baadaye tutajipima sisi wenyewe.

Twende kwenye Colonie Belge. Twaona uwanja wa gereza. Bendera ya Ubelgiji yapepea juu. Mfungwa amelazwa chini, na askari mweusi ampiga fimbo matakoni. Mzungu mkubwa wa Serikali asimama na kutazama. Wafungwa wengine, wenye nguo za mistari, waendelea na kazi yao. Chini Tshibumba ameandika miaka, 1885 mpaka 1959. Ndiyo yote. Na picha hii watu waliitundika ukutani kwa hiari yao, wakaketi chini yake kula bukari na sombe pamoja na wageni!

Wengine husema kwamba watu hao walikuwa na chuki moyoni na hawakutaka kusamehe. Wengine husema ni utovu wa shukrani, maana Wabelgiji walileta reli, hospitali na shule. Sisi hatukubali hukumu hizo mbili. Mwenye chuki hatundiki chuki yake mahali anapokula na watoto wake, maana chakula kingemshinda. Twadhani wenye nyumba walitaka jambo jingine. Walitaka mtoto aliyeketi juu ya kiti kizuri ajue kiti kile kimetoka wapi, na mgongo wa nani umelipa bei yake. Picha ile yasema kwa mtoto: babu yako alilazwa hapa, akainuka, akaenda kazini, na kwa sababu aliinuka wewe leo wala. Fundisho hilo ni shukrani, tena shukrani ya macho wazi.

Kuna shukrani nyingine ya macho yaliyofumbwa, nayo ndiyo iliyowaharibu wengi. Mchoraji wetu aliijua. Katika picha yake ya tarehe 30 Juni 1960 amemchora Patrice Lumumba akihutubia, na Mfalme Baudouin yupo. Historia ya siku hiyo yajulikana. Mfalme alisimama kwanza, akasifu kazi ya Leopold wa Pili na ya Wabelgiji waliomfuata, na uhuru akauonyesha kama tunda la kazi hiyo. Kwa maneno mengine, mfadhili alisimama kudai shukrani. Ndipo Lumumba akasimama, akakumbusha matusi, mapigo, na mashamba yaliyonyang'anywa. Wakubwa wa Ubelgiji walikasirika. Siku hiyo hiyo, wakati wa chakula, Lumumba alisema tena kwa ulaini, akamheshimu Mfalme na kuishukuru nchi ya Ubelgiji.

Wasomaji wapenzi, ni hotuba ipi inayokumbukwa leo? Ya kwanza wanaijua hata watoto wa shule. Ya pili, ile ya asante, karibu watu wote wameisahau, na Tshibumba hakuichora. Twaona sababu yake ni nyepesi. Asante iliyodaiwa ni kama kodi. Mtu hulipa, akatupa karatasi, akaenda zake. Wahenga walisema: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Mithali hii husemwa sana kumtuliza aliyetenda wema na asipate asante. Lakini yawaonya pia wakubwa wa nchi, wa kampuni, wa nyumba, hata wa parokia. Anayesimama mlangoni kungoja asante ya wema wake amekwisha kuuuza wema ule.

Yafaa tuseme wazi jambo moja linalotuhusu. Mapadri Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910, mwaka uleule mji wetu ulipoanzishwa. Walijenga makanisa na shule, wakafundisha, wakauguza, na wengine walizikwa hapa hapa. Twawashukuru, wala hatuoni haya. Lakini twajua pia kwamba siku zile Kanisa, Serikali na Kampuni ya Union Minière vilitembea bega kwa bega, na mara nyingine aliyepigwa hakuona mahali pa kulilia. Kuyakumbuka haya mawili pamoja si kuwatukana wamisionari. Shukrani inayohitaji kuficha nusu ya habari haina nguvu, na mtoto akiigundua ile nusu iliyofichwa hutupa yote.

Hapa ndipo tunapotaka kuwaonya wenzetu walimu wa dini. Mara nyingi mama mwenye njaa akilia, twamwambia upesi: shukuru Mungu, wengine hawana hata hicho kidogo. Maneno haya yafanana na utakatifu, lakini mara nyingi ni njia ya kumnyamazisha. Mtakatifu Paulo awafundisha Wakristu kushukuru katika kila hali, lakini kushukuru katika hali mbaya si kuishukuru hali mbaya yenyewe. Mungu hakutuma njaa ili apewe asante kwa ajili yake. Mama yule aweza kumshukuru Mungu kwa pumzi, kwa watoto, na kwa jirani aliyemkopesha kopo la unga, na siku iyo hiyo akaenda kudai mshahara wa mume wake usiolipwa. Hakuna dhambi hapo. Anayesema kuna dhambi amechanganya shukrani na unyonge.

Turudi kwenye picha. Katika baadhi ya picha za Colonie Belge, pembeni, twaona wanawake wanaowaletea wafungwa chakula. Mtu atazamaye fimbo haraka huwapita wanawake hao, maana jicho hukimbilia damu. Sisi twaomba jicho lirudi kwao. Mwanamke yule aliamka gizani, akasonga bukari, akafunga sahani kwa kitambaa, akatembea mpaka gereza, akangoja jua kali mpaka askari alipopenda kumfungulia. Jina lake halikuandikwa. Lakini bila yeye mfungwa asingepona. Kama picha ile ni ukumbusho wa mateso, yeye ndiye ukumbusho wa wema, na mchoraji hakuweza kuchora lile bila kuchora hili.

Na hapa twamlaumu Tshibumba kidogo, kwa heshima. Katika picha zake 100 na zaidi, wengi ni wafalme, majenerali, marais, wazungu wakubwa na vita vyao. Amewachora pia wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi katika uwanja wa mpira wa mji huu, mwezi wa Desemba 1941, walipogoma kwa ajili ya mshahara, na kwa hilo twamshukuru sana, maana wachache walithubutu kulitaja. Lakini mwanamke wa sahani hubaki pembeni. Twaelewa kwamba aliitaka historia ya nchi. Hata hivyo, nchi haikulishwa na marais. Kama tungeweza kumwomba picha moja zaidi, tungemwomba amchore mama yule katikati ya kitambaa, na gereza liwe pembeni.

Tena kuna picha yake ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Nyuma ya maiti Tshibumba ameweka misalaba mitatu kilimani, kwa kuwa alimfananisha Lumumba na Bwana Yesu. Mkristu afanye nini na picha hii? Kristu ni mmoja, wala hakuna mwanasiasa atakayekaa mahali pake. Lakini tusiharakishe kumtupia mchoraji jiwe. Alitafuta neno la kueleza deni kubwa mno, akatumia neno kubwa kuliko yote aliyofundishwa katika dini. Kosa lake, kama ni kosa, ni la mtu anayeshukuru kupita kiasi. Ni jepesi kuliko kosa la mji unaosahau.

Maana mji wetu umesahau mara nyingi. Kampuni ya Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911. Mikono ya kazi ilitafutwa mbali: Kasai, Rwanda na Urundi, na ng'ambo ya mpaka, katika nchi iitwayo Zambia leo. Watu hao walichimba, wakajenga reli, wakafundisha shuleni, wakapiga kinanda kanisani. Ikaja miaka ya 1992 na 1993. Ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu na maelfu. Wengi walilala siku nyingi katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na watoto wakafia pale. Wengine waliowafukuza walikuwa wamesoma kwa walimu walewale na kubatizwa katika kisima kimoja nao. Shukrani ya punda ni mateke, wasema wahenga, na miaka ile mateke yalionekana. Hatuandiki haya kufufua ugomvi. Twayaandika kwa kuwa hata leo, mtu wa Kasai akishuka katika stesheni yetu na mzigo wake, maneno ya zamani yaanza tena kunong'onwa. Nani atasema kwa sauti kwamba mji huu una deni? Huyo Tshibumba mwenyewe, aliyetuchorea historia yetu, alikuwa mtoto wa watu hao.

Kuna deni jingine lililo karibu zaidi, ndani ya nyumba. Katika miaka ya 1980 Gécamines, iliyorithi Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo iliporomoka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wazee hao ni baba zetu na babu zetu. Wengi waishi pamoja nasi parokiani. Wengine waliuza viti vyao na vitanda ili mtoto alipiwe pesa ya masomo. Na leo mtoto yule akipata diploma, jamaa wote hushona kitenge cha namna moja, Misa ya shukrani huombwa, kwaya huimba, bia hunyweka, picha za simu hupigwa mia. Ni vizuri, furaha si dhambi. Lakini mzee aketi wapi? Mara ngapi tumemwona nyuma kabisa, karibu na mlango, na hakuna aliyetaja jina lake kwenye kipaza sauti! Mkubwa wa ofisi aliyefika kwa gari ashukuriwa mara tatu. Aliyeuza kitanda hashukuriwi hata mara moja.

Katika Injili ya Luka wakoma kumi waliponywa, akarudi mmoja tu, naye Msamaria, mgeni. Twadhani wale tisa hawakuwa watu wabaya. Walitii, wakaenda kujionyesha kwa makuhani kama walivyoambiwa. Pengine walisema asante wakiwa njiani. Ila hawakurudi. Tofauti yao na yule mmoja ni miguu tu: aligeuka, akatembea njia ileile, akafika kwa mtu mwenyewe. Shukrani ina miguu.

Basi, tufanye nini sisi tusiojua kuchora? Yatosha mambo matatu madogo. La kwanza, jioni, kabla ya sala ya usiku, kila mtu ataje kwa jina mtu mmoja aliyemfanyia wema siku ile, na ataje wema wenyewe. Asiseme tu: Mungu, asante kwa yote. Yote ni neno kubwa lisilogusa mtu. Aseme: asante kwa yaya aliyenichotea maji, asante kwa dereva aliyenibeba nilipokosa nauli. La pili, juma moja lisipite bila kurudi kwa mtu kama yule mkoma, kwa miguu yetu, na kumwambia mbele ya uso wake: baba, ulinifanyia hivi, sijasahau. Mtoto apokeaye sahani ainue macho kutoka kwenye simu, amtazame anayempa, ndipo aseme: aksanti, mama. La tatu, palipo na deni la pesa au la haki, lilipwe. Anayemwambia mtumishi wa nyumba asante kila siku na kumcheleweshea mshahara miezi miwili amemdhihaki.

Na wenye nyumba, wakipenda, watundike tena ukumbusho ukutani. Si lazima iwe picha ya fimbo. Iwe picha ya bibi, ya mwalimu wa kwanza, ya jirani wa Kasai, na chini yake paandikwe jina na mwaka, kama Tshibumba alivyokuwa akiandika. Mtoto atauliza: huyu ni nani? Siku atakapouliza, baba na mama wawe na jibu, walieleze lote, la wema na la uchungu, bila kuficha nusu. Watoto waliofundishwa hivyo hawatakuwa wepesi kumfukuza jirani yao.